Dereva Aliyevua Bila Boya

Tulimwita Dereva, basi. Doha imejaa madereva, lakini kwetu sisi tuliokuwa tukipanga Al Rayyan, ukisema Dereva amekuja hakuna aliyeuliza yupi. Alikuwa dereva wa nyumba moja ya Waqatari, Mtanzania wa huko Kanda ya Ziwa, mtu mzima kuliko sisi wote, na kila Ijumaa asubuhi alitupeleka jangwani kuvua samaki. Najua inavyosikika. Mama yangu, nilipomwambia kwa simu kwamba siku hizi ninavua samaki Qatar, aliniuliza kama ninakula vizuri.

Bwawa lenyewe lilikuwa shambani kwa waajiri wake, nje ya mji, njia ya kwenda Dukhan. Lilichimbwa kwa ajili ya kumwagilia mitende, likatandikwa plastiki nyeusi, na baba yake Madam, yule mama mwenye nyumba aliyemwajiri, alipokuwa hai, akamwaga humo vifaranga vya sato ili wale ule utelezi wa kijani. Sato wakazaliana mpaka wakawa kero. Madam hakuwapenda, alisema samaki wa bwawa ananuka tope. Kwa hiyo Dereva akapewa ruhusa: Ijumaa apeleke chakula cha mbuzi kwa pikapu, na akitaka kuvua, avue. Akitaka kuja na wenzake, aje nao, mradi takataka zisibaki.

Wenzake tulikuwa wawili. Mimi, Mkenya wa Kitale, mlinzi wa mapokezi katika jengo moja refu la West Bay, ambako kutwa nzima nalinganisha nyuso za watu na picha za vitambulisho vyao. Na Prossy, Mganda wa kwenye dobi ya hoteli, mwanamke mwenye kicheko kikubwa na mikono iliyobabuka kwa dawa za kufulia.

Niseme mapema, maana mimi si mtu wa kuzungusha maneno. Dereva alikuwa anapofuka. Yeye alijua, sisi hatukujua. Kwao alikuwa na mtoto wa kike, kitinda mimba, aliyemwacha bado anabebwa mgongoni, na alichokitaka kuliko vyote ni kumwona mtoto huyo uso wake kabla macho hayajafunga. Haya ninayoyasimulia, hata yale ya kuchekesha, yote yalikuwa yanatokea juu ya jambo hilo.

Alikuwa anavua bila boya. Mimi na Prossy tulianza kama watu wote, kipande cha sponji kinaelea, kikizama unavuta. Dereva alitutazama, akacheka kwa pua, akasema boya ni la watu wa hotelini. Yeye aliushika mshipi kwa kidole cha shahada, akaupitisha juu ya kucha, akafumba macho, akatulia. Baadaye mkono ulicheza kidogo tu, na sato akawa yuko nchi kavu anarukaruka. Tuliuliza amejuaje. Akasema samaki anasikika kabla hajaonekana, na kwamba wenye macho ya kutazama boya huwa wanachelewa.

Tukaamini. Tukang'oa maboya yetu. Prossy alikaa Ijumaa nyingi na kidole hewani, macho kayafumba, chambo kinaliwa yeye hana habari. Alikuwa akiamka kama mtu aliyesinzia kanisani, anakuta ndoano tupu. Mimi nilipata wawili watatu kwa bahati. Tulijiambia kwamba ule ni ufundi wa kwao, ni wa kuzaliwa nao, na tuliwafundisha hata Wakenya wengine waliokuja mara mojamoja. Ukiupita ukingo ule Ijumaa ungekuta watu wazima wamepangana wamefumba macho kwenye jua lile, kumbe mmoja wetu hakuwa na haja ya kuyafumba. Sasa hivi nikikumbuka nacheka, halafu naacha.

Chambo chake kilikuwa khubuz, ile mikate bapa ya hapa, iliyobaki jikoni kwa Madam. Aliiloweka, akaikanda na vitunguu saumu mpaka ikawa kama ugali mgumu. Hakutaka mtu mwingine akande. Vitu vingi alivitaka kwa mkono wake. Vitunguu alivichagua kwa kuvibonyeza, na noti za riyali alizipapasa moja moja. Samaki mdogo alimpima kwa kiganja, asipojaza kiganja anarudi majini, hakuna mjadala. Prossy alimwita bahili wa samaki. Yeye akamjibu kwamba Waganda wakiachiwa ziwa wangekula mpaka mayai, na Prossy akamrushia kipande cha khubuz.

Alikuwa mkali, tena mkali wa bure. Ukiongea wakati anakaanga, anakufukuza. Ukimwita wakati anaswali, anakununia mpaka jioni. Watu wa mtaani kwetu walisema ana maringo, kwa sababu ulikuwa unaweza kupishana naye dukani, uso kwa uso, asikusalimie. Mimi mwenyewe nilimkasirikia mara moja kwenye kituo cha basi. Nilimpungia mkono karibu nimguse, akatazama mbele kama sipo. Nikasema, poa, kaa na maringo yako. Nilipomwambia "Vipi mzee," akageuka haraka, akatabasamu uso mzima, akanishika bega muda mrefu. Nikamsamehe bila kujua nilichokuwa nasamehe.

Na gari. Hakuna aliyeendesha polepole kama yule mtu. Barabara ya shambani imenyooka, haina hata mbuzi, lakini sisi tulitambaa, na Land Cruiser za vijana zilitupita zikipiga honi. Nilikuwa namwambia kwetu hata punda wangetupita. Alisema yeye anaendesha roho za watu, haendeshi mbio. Watoto wa Madam walimpenda sana. Aliwapeleka shule na kuwarudisha kwa miaka, aliwafundisha kuhesabu kwa Kiswahili, na mdogo wao, mvulana mwenye makelele, alikuwa akimwita Baba Dereva mbele ya baba yake mzazi, na baba mzazi anacheka.

Kulikuwa na mambo mawili yake yasiyopatana. Huyu mtu asiyeruhusu samaki mdogo, asiyekubali hata tuchukue tende zilizoanguka bila kumwambia mtunza shamba, ndiye aliyetusimulia kwa kujisifu jinsi alivyopita kipimo cha macho alipokwenda kufanya upya leseni. Alisimama kwenye foleni akiwasikiliza waliomtangulia wakitaja alama za ubaoni zimeelekea wapi, juu, kulia, chini, kulia, akayashika yote, zamu yake ilipofika akayatiririsha. Tulicheka mpaka machozi. Prossy akamwuliza kwa nini asitazame tu kama watu. Akasema alikuwa amesahau miwani. Hakuwa na miwani. Tulijua hana miwani, na bado tulicheka, tukaendelea kuparua samaki.

Lakini kitu tulichomsifia kuliko vyote ni subira yake. Mimi sina. Nikikaa ukingoni muda mfupi bila samaki, nahama, nabadili ndoano, natukana jua. Yeye angekaa kutoka alfajiri mpaka muda wa kwenda kuswali Ijumaa, hajasogeza mguu. Alikuwa akisema kila kitu kina wakati wake wa kuiva. Likizo alikuwa anaipisha mwaka baada ya mwaka. Tukimwuliza, anasema wakati wake haujafika. Tulidhani ni mambo ya kazi. Nilikuwa namwonea wivu utulivu ule, na leo ninauchukia. Nausema waziwazi, ninauchukia.

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa ya katikati ya wiki, saa za kutoka shule. Alituhadithia mwenyewe Ijumaa iliyofuata. Alikuwa ameegesha mbele ya lango la shule, akadhani watoto wameshaingia nyuma, akasikia milango imefungwa, akatia gia aondoke. Kishindo kikapigwa juu ya boneti. Yule mdogo mwenye makelele alikuwa amezunguka kwa mbele, amesimama mbele kabisa ya gari, na mkoba wake mgongoni, anacheka, anadhani Dereva anamtania. Hakuguswa. Gari lilikuwa halijasogea hata hatua moja.

Dereva alizima injini. Aliwaambia watoto gari limeharibika, akampigia simu baba yao aje awachukue, wakangoja ndani wote watatu wakihesabu kwa Kiswahili. Walipofika nyumbani akaenda moja kwa moja kwa Madam, akaweka ufunguo juu ya meza, akamwambia kwa Kiarabu chake cha jikoni kwamba macho yake hayafai tena kubeba watoto wake. Hakungoja kesho. Ndiyo mara moja tu ninayoijua ambayo yule mtu hakungoja.

Ijumaa ile alikuja na sisi akiwa abiria. Aliyeendesha pikapu alikuwa mtunza shamba, Mbengali mpole, akaenda kasi, na hakuna aliyefurahi. Pale ukingoni Dereva hakutoa hata mshipi. Akatuambia yote. Kwamba miaka mingi ukungu umekuwa unamjia, kwanza pembeni, halafu kila mahali. Kwamba boya hajaliona siku nyingi. Kwamba huo ndio ufundi wake.

Prossy akaanza kulia. Mimi nikawa mkali, ndivyo nilivyo.

"Mzee, si ungeenda hosi? Hapa madaktari wamejaa. Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja likomae," akasema.

Ilibidi atueleze. Kwao kulikuwa na jirani, bibi mmoja, aliyeingiwa na mtoto wa jicho. Alipokwenda hospitali akaambiwa bado, arudi nyumbani, likikomaa ndipo watalitoa. Akakaa na giza lake, likakomaa, wakalitoa, na yule bibi akarudi akitunga shanga kwa uzi. Kijiji kizima kilikwenda kumtazama. Basi Dereva alipoona ukungu, alijua ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho huachwa akomae. Alipanga vizuri: likikomaa, achukue likizo, akatolewe huko kwao, bandeji ikifunguliwa wa kwanza kumwona awe yule binti yake, Neema. Hakutaka kwenda likizo kabla, amwone Neema kwa ukungu. Alitaka kumwona mara moja, sawasawa. Picha zake alizotumiwa kwa simu alikuwa akiziweka mpaka zinagusa pua, na bado aliona rangi ya gauni tu.

Kwetu pia watu husema hivyohivyo, lazima mtoto wa jicho akomae. Nimewasikia wajomba zangu. Ningekuwa mimi, labda ningengoja vilevile, mimi nisiyeweza kungoja hata lifti.

Madam alimpeleka hospitali mwenyewe, akakaa naye kwenye viti. Daktari alikuwa Msudani, akamweleza taratibu. Haikuwa mtoto wa jicho. Ilikuwa presha ya macho, na presha ya macho haikomai. Inakula tu, na ilichokula hairudishi. Dereva alitusimulia sehemu hii kwa sauti ya mzaha. "Nikamwuliza, daktari, haya sasa limekomaa? Akanitazama kama nimemwuliza bei ya ndizi." Prossy hakucheka, na mimi sikucheka, yeye akacheka peke yake.

Baada ya hapo kulikuwa na jambo la kuamua. Angeweza kupanda ndege wiki ileile, na mwanga mdogo aliobaki nao, akamwone Neema hivyohivyo, kivulikivuli. Au angoje, afanyiwe upasuaji wa kuteremsha presha, huenda mwanga ule ukakaa. Daktari hakuahidi kitu. Madam alisema kitanda chake kipo, akae hadi apone. Dereva akatuuliza sisi. Prossy akamwambia aende. "Mzee, mimi nakuambia enda tu. Ule mtoto hataki wewe uko na macho mazuri, anataka wewe." Mimi nikamwambia hivyohivyo. Akatusikiliza vizuri kabisa, akatikisa kichwa, akasema akienda sasa atamwona vibaya, na akingoja huenda akamwona vizuri.

Akangoja. Siku za kungoja zile alihama kutoka chumba cha madereva akalala chumba cha chini, karibu na jiko, na watoto wa Madam wakawa wanamshika mkono kumpeleka msikitini, wakigombea nani ashike upande upi. Upasuaji ukafanyika. Bandeji ikatolewa mbele ya Madam, na Madam ndiye aliyenipigia simu, kwa Kiingereza chake cha haraka, akaniambia Dereva anasema taa imewashwa au haijawashwa, anaweza kujua. Zaidi ya hapo hapana. Nilikuwa kazini, mapokezi, watu wanapanga mstari. Nikamwambia asante. Nikamruhusu mtu kupita bila kutazama kitambulisho chake, na msimamizi akanifokea, sikumsikia.

Uwanja wa ndege tulimpeleka mimi na Prossy kwa teksi. Madam alikuwa ameshaagana naye nyumbani. Alisema hataki kulia mbele ya watu. Dereva alivaa suti. Alikuwa amenyoa, ananukia udi, na begi lake lilikuwa limejaa vitu vya watoto. Dada wa kaunta, Mkenya mwenzangu, alileta kiti cha magurudumu. Dereva akakataa kwa heshima, akasema yeye hajavunjika mguu. Yule dada hakubishana, akampa mkono wake, wakaondoka taratibu kama watu wanaokwenda kwenye harusi. Hakugeuka nyuma. Prossy alimpungia mkono hata hivyo, akapunga mpaka wakapotea kabisa, na mimi nikamwacha apunge.

Wiki haikuisha, akapiga simu ya video. Nilikuwa nyumbani, siku yangu ya mapumziko. Simu yake ilikuwa imeegemezwa juu ya kitu, labda stuli, na yeye amekaa kwenye mkeka uani, kanzu safi, uso umenenepa kidogo. Akaanza kunitania kwamba anasikia harufu ya wali wangu ulioungua mpaka huko. Nyuma yake watu walikuwa wanapitapita, wanawake wanacheka, kuku, sufuria. Sherehe ya kumpokea ilikuwa haijaisha.

"Neema, njoo umsalimie baba mdogo," akasema.

Mtoto akaja, akainama kwenye simu, akanijazia kioo chote na uso wake. "Shikamoo baba mdogo." Nikasema marahaba. Aliniuliza kama huko Qatar kuna shule, nikamwambia zipo, akaridhika. Baba yake akamtuma maji ya kunywa, ya mtungini, siyo yale ya ndoo. Akasikiliza nyayo zake zikienda. Halafu akajisogeza karibu na simu, akashusha sauti.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mzee."

"Kafanana na nani?"

Sikumwelewa mara moja. Nikamwuliza kwani huko hawajamwambia.

"Hapa hawajui habari ya macho," akasema. "Wanajua nimekuja likizo, nimechoka na safari. Mdogo wangu aliyenipokea Mwanza ndiye anajua, nikamwuliza, akasema mtoto ni mzuri tu. Mzuri tu ndiyo nini? Nitawaambia, si kwamba sitawaambia. Lakini waniache kwanza siku chache niwe nimerudi. Sasa nikiuliza hapa nitajulikana. Wewe kazi yako ni kutazama watu. Nieleze."

Nimetazama nyuso nyingi sana katika kazi ile, na sijawahi kutakiwa kueleza hata mmoja. Nikamwambia mtoto ni mweusi kama yeye, wa kung'aa. Nikamwambia paji la uso ni pana, masikio madogo, na kwamba akisikiliza anakunja nyusi kidogo, kama mtu anayedai. Nikamwambia nywele zimesukwa mistari ya kurudi nyuma, mstari mmoja umekwenda upande.

"Na akicheka?"

"Ana mwanya."

"Wa juu?"

"Wa juu. Mkubwa."

"Huo wa mama yake," akasema, akakohoa. "Masikio je, umesema madogo?"

"Madogo, mzee."

Nyayo zikarudi zikikimbia, maji yakimwagika. Uso wake ukabadilika, ukawa ule wa ukingoni, wa kuchokoza watu. "Haya lete maji, wewe wa mwanya," akasema. "Na nani kakusuka huu mstari ukaenda upande?"

Mtoto akacheka sana, akauziba mdomo kwa kiganja, akamwita mama yake aje asikie baba anavyomsema. Neema alikuwa amesimama kushoto kwa baba, na kikombe mkononi. Baba yake alikuwa ameunyosha mkono kulia, anatabasamu, anangoja apewe.